Masika Huanza Julai

Ndama anayezaliwa wiki ya kwanza ya Mei kwenye kihamba cha Kibosho au Marangu, mvua ikipiga bati la banda, mimba yake ilitungwa wiki ya mwisho ya Julai mwaka uliotangulia. Ng'ombe hubeba mimba siku 283 hivi. Mbuzi hubeba siku 150, kwa hiyo mwanambuzi wa katikati ya Machi ni matokeo ya dume aliyefanya kazi yake katikati ya Oktoba. Nguruwe ana siku 114. Kuku huatamia siku 21. Shimo la mgomba unaopandwa mvua za kwanza zikishuka lilichimbwa Januari, jua likiwa kali na udongo mgumu.

Msikilizaji, mazungumzo ya leo yanahusu hizo tarehe za nyuma. Masika yanapokaribia, macho ya wengi huwa juu, kwenye mawingu. Redio hutangaza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, maduka ya pembejeo hujaza magunia ya mbolea na pakiti za mbegu, na kila mtu huuliza kama mvua zitakuwa za wastani, juu ya wastani au chini yake. Ni swali la haki. Lakini kwenye shamba dogo la familia, sehemu kubwa ya yatakayofika mwezi Machi, Aprili na Mei imekwisha kuamuliwa kabla wingu halijaonekana, na familia inayohesabu kurudi nyuma hupata masika tofauti kabisa na ya jirani aliyesubiri mvua ndipo aanze kupanga.

Hakuna mahali pazuri pa kulitazama jambo hili kuliko mteremko wa kusini na mashariki wa Mlima Kilimanjaro. Kati ya mita 900 na 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, kuanzia upande wa Machame, kupita Kibosho, Uru na Kilema hadi Rombo, nyumba zimezama ndani ya migomba. Hivyo ndivyo vihamba. Kwa juu kuna miti mikubwa ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi, maharage na mboga. Wataalamu wa mimea wamehesabu zaidi ya aina 500 za mimea ndani ya vihamba vya mlima huu, mingi ikiwa imejiotea yenyewe na kuachwa kwa sababu ina kazi yake: dawa, kuni, chakula cha mbuzi. Mpaka wa kihamba na kihamba huwekwa masale, na mwenye adabu hayang'oi. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliitambua Shimbwe Juu, katika Wilaya ya Moshi, kuwa moja ya urithi wa kilimo wa dunia.

Heshima hiyo inastahili, ila haiongezi ardhi. Tayari katika miaka ya 1980, kihamba cha wastani hakikufika hata hekta moja, na tangu hapo baba amegawia watoto, watoto wamegawia wajukuu. Ndiyo maana familia nyingi za mlimani zina shamba la pili, huko chini tambarare, kwenye joto na vumbi la maeneo kama Himo na Uchira. Juu ni ndizi, kahawa na ng'ombe wa ndani. Chini ni mahindi na maharage. Familia ni moja, mikono ni ileile, ila mashamba mawili yameachana kwa safari ya basi au ya nyuma ya pikipiki. Masika yanapoanza, mashamba yote mawili huita siku moja.

Tuanze na la chini.

Wakulima wa Afrika Mashariki wamejua siku nyingi kwamba anayepanda na mvua za kwanza huvuna kuliko anayechelewa wiki mbili, hata kama mvua zenyewe zitaendelea kunyesha hadi mwisho wa Mei. Kwa nini wiki mbili ziwe na uzito huo? Mwanasayansi H. F. Birch, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Muguga, karibu na Nairobi, alilichunguza jambo hili na kuchapisha matokeo yake mwaka 1958. Aligundua kwamba udongo uliokauka sana, ukiloanishwa ghafla, haurudi kwenye hali yake taratibu. Vijidudu vilivyomo huamka kwa kishindo, huanza kula mabaki ya mimea na mboji iliyokauka, na katika siku chache huachia naitrojeni nyingi kuliko itakayoachiwa kwa muda mrefu baadaye. Kiangazi kikiwa kirefu na kikavu zaidi, ndivyo mlipuko huo unavyokuwa mkubwa. Ni mbolea ya bure, imelala ardhini tangu Januari, inasubiri maji.

Tatizo ni kwamba haikai. Mvua zinazofuata huichukua na kuishusha chini kuliko mizizi michanga inavyoweza kufika. Mche wa mahindi uliokwisha kuota huikuta mezani. Mbegu inayofukiwa siku kumi na nne baadaye hukuta sahani zimeoshwa. Mkulima aliyechelewa analazimika kununua dukani kwa fedha kile ambacho jirani yake amekipata kwa kuwahi.

Kuwahi nako kuna hatari yake, na ni haki kuitaja. Mvua za kudanganya zipo. Hunyesha siku mbili, mbegu ikapasuka, kisha jua likarudi siku kumi na ikafia ardhini. Wakulima wazoefu wa tambarare huchimba kidogo kwa jembe kabla ya kuamua: kama unyevu umeshuka zaidi ya urefu wa kiganja, wanapanda, kama chini bado ni vumbi, wanasubiri mvua moja zaidi. Wengine hugawa shamba, nusu wakapanda kavu kabla ya mvua, nusu wakaisubiri. Hiyo ni busara ya mtu ambaye hana uwezo wa kununua mbegu mara mbili.

Na kupanda kwenyewe si kazi ya kusimulia kwa sentensi moja. Nafasi inayoshauriwa kwa mahindi ni sentimita 75 kati ya mstari na mstari na, ukiweka mbegu mbili kwa shimo, sentimita 60 kati ya shimo na shimo. Piga hesabu: ekari moja ina mashimo karibu 9,000. Kila shimo huchimbwa, hutiwa mbolea, hufunikwa kwa udongo kidogo ili mbegu isiungue, hutiwa mbegu mbili, hufukiwa. Mtu mmoja hutangulia na jembe, akifuata kamba iliyofungwa mafundo. Nyuma yake mtoto mkubwa hubeba ndoo ya mbolea ya DAP na kifuniko cha soda: kifuniko kimoja, shimo moja. Vifuniko hivyo 9,000 ndivyo mfuko wa kilo 50, na hapo mtu huelewa kwa nini bwana shamba husema mfuko mmoja kwa ekari. Mwisho huja mwenye mbegu, mara nyingi mama, akiangusha na kufukia kwa mguu bila kusimama. Mbegu ni kilo 8 hadi 10 kwa ekari. Familia ya watu wanne ikianza alfajiri, ekari moja inaweza kuisha siku mbili, mgongo ukiwa umekwisha kabla ya ekari.

Sasa rudi mlimani, siku hizohizo mbili. Nani yuko nyumbani?

Hapa ndipo jambo lenyewe lilipo. Kwenye kihamba ng'ombe hachungwi. Anafugwa ndani, analetewa kila kitu: majani, maji, pumba, na mara nyingi anayeleta ni mwanamke. Huyo ndiye pia aliye tambarare na kikapu cha mbegu. Ng'ombe akizaa siku ya kupanda, saa sita mchana, banda linaweza kuwa halina mtu ila bibi mzee na mtoto wa darasa la pili. Ndama anaweza kutoka salama, akasimama, akatafuta chuchu, akaipata. Na anaweza asiipate. Na ndama asiyeipata mapema anaingia kwenye shida isiyoonekana kwa macho.

Ndama huzaliwa bila kinga. Mtoto wa binadamu hupata sehemu ya kinga ya mama yake akiwa bado tumboni. Ndama hapati, kwa sababu kondo la ng'ombe haliruhusu kinga hiyo ipite. Yote imo kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya rangi ya njano. Tena utumbo wa ndama huifyonza kinga hiyo kwa muda mfupi tu. Saa sita za mwanzo ndizo bora. Baada ya hapo mlango huanza kufungwa, na ikifika siku nzima umekwisha kufungwa. Ndama wa kilo 30 anahitaji lita 3 hivi za dang'a, yaani sehemu ya kumi ya uzito wake, na kama hajui kunyonya, akamuliwe mama yake na ndama anyweshwe kwa chupa safi. Kuna watu ambao bado huimwaga dang'a kwa kuiona chafu. Ni hasara kubwa, na inauma kuisikia, kwa maana hakuna dawa dukani itakayofanya kazi hiyo.

Kuzaa kwenyewe kunataka jicho. Kwanza hutoka mfuko wa maji, kisha miguu miwili ya mbele, na juu ya magoti hukaa pua. Hiyo ndiyo njia iliyonyooka. Ukionekana mguu mmoja, au mkia, au muda wa saa nzima ukapita bila lolote kusogea, aitwe mtaalamu wa mifugo, na simu yake iwe imeandikwa mahali ambapo bibi anaweza kuiona. Ndama akitoka, kamasi hufutwa puani, mama huachwa amlambe, na kitovu huchovywa kwenye ayodini. Kitovu kibichi kwenye banda lenye tope la masika ni njia ya wazi ya ugonjwa. Kondo la nyuma nalo lisubiriwe. Lisipotoka ndani ya siku moja, mtaalamu aitwe tena, wala lisivutwe kwa mkono.

Halafu kuna kupe. Mvua ileile ioteshayo mahindi ndiyo iamshayo kupe wa masikio, yule wa rangi ya kahawia, ambaye hupenda kupanda mwilini wakati wa mvua. Huyu ndiye mwenye kuleta ndigana kali. Ng'ombe wa kihamba hatoki bandani, lakini majani yake hutoka tambarare, na kupe huja na mzigo wa majani. Dalili huanza kwa uvimbe chini ya sikio, homa, kisha kupumua kwa shida na povu puani. Ndama wa ng'ombe wa kisasa akiachwa bila matibabu, mara nyingi hufa. Jambo la kutia moyo ni kwamba chanjo ipo, nayo ilizaliwa palepale Muguga ambapo Birch aliuchunguza udongo mkavu. Katika miaka ya 1970 watafiti wa hapo walikamilisha njia ya kumchoma mnyama vijidudu hai vya ndigana kali pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini inayokaa mwilini muda mrefu. Mnyama huugua kidogo au asiugue kabisa, kisha hubaki na kinga kwa maisha yake yote. Chanjo hiyo lazima itunzwe kwenye naitrojeni kimiminika, ndiyo maana mtaalamu huja na mtungi wake na hupenda kuchanja ng'ombe wengi kwa siku moja. Mfugaji mwenye ndama mmoja anafanya vizuri kuwakusanya majirani zake kabla ya kupiga simu.

Sasa tuhesabu.

Kama ndama wa wiki ya kupanda ni taabu, azaliwe lini? Tuseme kupanda tambarare ni kati ya Machi 15 na 25. Palizi ya kwanza hufika wiki mbili hadi tatu baada ya mahindi kuota, yaani ndani ya mwezi wa Aprili. Wiki ya kwanza ya Mei familia hupumua. Majani yamejaa kila kona ya mlima kwa sababu mvua imenyesha wiki sita, na ng'ombe aliyezaa anahitaji majani kuliko wakati mwingine wowote. Maziwa yake yatafika kileleni wiki sita hadi nane baadaye, mwezi Juni, na yakianza kushuka, mabua ya mahindi yatakuwa yameanza kupanda mlima kutoka tambarare. Mei, basi. Ondoa siku 283: unafika wiki ya mwisho ya Julai.

Kuna hesabu nyingine inayofika palepale. Ng'ombe wa maziwa anayelipa gharama zake ni yule anayezaa kila mwaka. Mwaka una siku 365, mimba inachukua 283, zinabaki 82. Ng'ombe aliyezaa Mei 4 ana siku 82 za kupona, kukamuliwa na kushika mimba tena, na siku hizo zinaishia Julai 25. Wiki ileile. Ng'ombe akiwekwa kwenye mstari huo mara moja, kalenda hujirudia yenyewe mwaka hadi mwaka, mradi mtu asizubae.

Na kuzubaa ni rahisi. Joto la ng'ombe hudumu kwa saa, na likipita hurudi baada ya siku 21. Kwenye kundi, ng'ombe mwenye joto husimama apandwe na wenzake, kila mtu anaona. Kwenye kihamba chenye ng'ombe mmoja hakuna wa kumpanda. Dalili ni ndogo: analia asubuhi bila njaa, maziwa yamepungua bila sababu, ute mwangavu wa kuvutika unaning'inia nyuma, hatulii. Anayeona hayo asubuhi amwite mtaalamu wa uhimilishaji jioni ileile. Anayeyaona jioni, amwite asubuhi inayofuata. Mbegu za madume bora hutoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, Usa River, umbali usio mkubwa kutoka mlimani, kwa hiyo watu wa Kilimanjaro hawana sababu ya kupitwa. Na kwa kuwa si kila uhimilishaji hushika, ni vizuri kuanza kufuatilia joto mwanzoni mwa Julai. Jaribio la kwanza likishindikana, la pili bado linaangukia Julai. La tatu litaangukia Agosti, na ndama atakuja mwishoni mwa Mei; si vibaya. Wa nne atakuja na baridi ya Juni.

Mtu anaweza kuuliza: kwani Mei si mvua, tope na baridi? Ndiyo. Homa ya mapafu na kuhara vipo, na banda lisilo na sakafu kavu litavileta. Wafugaji wengine kwa sababu hiyo hupendelea ndama wa Februari, majira ya ukavu, wakanunua malisho na kuajiri vibarua wa kupanda. Mwenye fedha ya vibarua na ya nyasi anaweza kuchagua hivyo na asikosee. Kwa familia inayotegemea mikono yake yenyewe na majani ya kukata, Mei inashinda, ila banda litengenezwe Februari, wakati kuna jua la kukausha mbao na nafasi ya kuchimba mfereji wa mkojo.

Vifaranga wana hesabu tofauti, nao hawasamehe. Kifaranga wa siku moja anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, na hana manyoya ya kumkinga na mvua. Akitotolewa wiki ya kupanda, mvua moja ya usiku inaweza kumaliza kundi zima kabla ya alfajiri. Ndiyo maana akina mama wenye kuku wa kienyeji wanaojua kazi yao humwekea kuku mayai wiki ya kwanza ya Februari. Siku ya saba, usiku, huchukua yai moja moja na kulimulika kwa tochi: lenye mishipa myekundu iliyotawanyika kutoka doa moja linarudi chini ya mama, lililo jeupe tupu linatolewa. Mwisho wa Februari vifaranga wanatoka. Masika yakipiga hodi wana wiki tatu au nne, manyoya yameanza kufunika mwili. Wanaotumia kinengunengu, yaani chumba cha kulelea vifaranga kwa joto, wanajua kusoma sakafu: vifaranga wakirundikana katikati wanasikia baridi, wakitawanyika ukutani wanaungua, wakitapakaa kila mahali wako sawa. Jiko la mkaa likitumika, chumba kiwe na pa kutokea hewa. Moshi usioonekana wa mkaa umekwisha kuua vifaranga wengi, na watu pia.

Kabla ya kiangazi cha Juni, ugonjwa wa mdondo ukiwa haujaanza safari yake ya kijiji hadi kijiji, kuku wote wachanjwe. Chanjo ya I-2, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland huko Australia na sasa inatengenezwa Tanzania, inastahimili joto kuliko nyingine, hivyo inafika hata vijiji visivyo na jokofu. Ni tone moja kwenye jicho, kila baada ya miezi mitatu. Hakuna kazi ya shamba iliyo nyepesi hivyo na yenye faida kubwa hivyo.

Mbuzi na nguruwe tuwapitie haraka. Mwanambuzi wa Machi akiwa kwenye banda la kichanja lenye sakafu ya mbao zilizoachana, mkojo ukashuka chini, mara nyingi atapita. Akilazwa chini kwenye tope, minyoo na mapafu vitamwahi. Nguruwe anayezaa siku ambazo mahindi ya mwaka jana yanakaribia kwisha ghalani atashindana na watoto wa nyumba kwa pumba, na ni vizuri kulifikiria hilo kabla ya kumpeleka kwa dume.

Kihambani kwenyewe masika ni wakati wa migomba na kahawa. Chipukizi la mgomba, likiwa limeng'olewa kwenye shina lisilo na ugonjwa na kumenywa mizizi ya zamani ili kuondoa fukusi na minyoo, hushushwa kwenye shimo la futi mbili kwenda chini na futi mbili kwa upana, lililokwisha kujazwa udongo wa juu na samadi iliyooza. Iliyooza, si mbichi. Samadi ya kumwaga Machi ilirundikwa Desemba na kugeuzwa. Miche ya kahawa nayo inataka mashimo yaliyochimbwa miezi mitatu kabla, na wanaopanda upya leo wana bahati ambayo baba zao hawakuwa nayo: kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu kimetoa aina zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, magonjwa mawili yaliyowatoa jasho na fedha ya mrututu wakulima wa mlima huu kwa vizazi.

Tambarare hapaachwi baada ya kupanda. Tangu mwaka 2017 viwavijeshi vamizi wameingia Tanzania, baada ya kuonekana kwa mara ya kwanza Afrika Magharibi mwaka 2016, na mkulima asiyekagua shamba lake mara mbili kwa wiki hukuta moyo wa mahindi umegeuka unga wa mbao. Mayai huwekwa kwa mafungu juu ya jani, yamefunikwa kwa kitu kama pamba chafu; anayeyaona mapema huyaponda kwa vidole na kazi imekwisha. Mahindi yakifika magotini hupewa yurea, palizi ya pili hufuata, na maharage yaliyopandwa katikati ya mistari huvunwa kwanza.

Kinachofuata huonekana barabarani Himo mwezi Agosti, na mpita njia anaweza kudhani ni biashara ndogo tu: pikapu zilizojaa mabua ya mahindi hadi juu ya kichwa cha gari, zikikata kona kupanda Marangu na Mwika. Hicho ndicho chakula cha ng'ombe wa kiangazi. Rutuba ya tambarare inasafiri kwenda mlimani, inapita tumboni mwa ng'ombe, inaishia kwenye mgomba. Migomba ya kihamba imestawi kwa njia hiyo kwa muda mrefu sana. Tambarare nayo hairudishiwi samadi, kwa sababu ni nzito na safari ni ndefu, na udongo wake unachoka mwaka hadi mwaka. Haki ingekuwa kuacha shambani sehemu ya mabua yafunike ardhi, au kupeleka chini angalau magunia machache ya samadi kavu kila gari linaposhuka tupu kwenda kuchukua mabua. Gari linashuka tupu. Nafasi ipo.

Ndama jike akizaliwa, nyumba nyingi za mlimani zina deni la furaha la kulipa. Utaratibu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe umeenea: familia iliyopewa mtamba hutoa ndama jike wa kwanza kwa familia nyingine, na hiyo nayo hufanya vivyo hivyo. Haukuwa mgeni masikioni mwa Wachaga wa mlima huu, kwa kuwa zamani pia mwenye ng'ombe wengi aliwaweka kwa majirani, mtunzaji akapata maziwa na samadi. Ndama wa deni anastahili dang'a yake, chanjo yake na kitovu chake kuchovywa kama wa nyumbani, tena zaidi, maana kuna familia ya pili inayomhesabia siku.

Limebaki jambo moja, nalo linawahusu wenye ofisi. Mwaka 2017 iliyokuwa Wizara ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi iligawanywa: kilimo kikawa na wizara yake, mifugo na uvuvi ikawa na yake. Huenda kulikuwa na sababu nzuri za kiutawala. Kwenye kihamba, hata hivyo, mahindi na ng'ombe vinagombea mikono ya mtu mmoja katika wiki moja, na mtu huyo huletewa ushauri na maofisa wawili wasiokutana. Bwana shamba husema panda mapema na hamtaji ng'ombe. Bwana mifugo husema mkae karibu na ng'ombe anayezaa na hayataji mahindi. Wote wawili wana haki, na mama hawezi kuwatii wote wawili siku moja.

Kinachotakiwa hakihitaji bajeti mpya. Maofisa wa kata wakae meza moja mwezi Juni, wachukue tarehe za kupanda za kata yao kwa miaka michache iliyopita, wahesabu siku 283 kurudi nyuma, 150 kwa mbuzi, 21 kwa kuku, na miezi mitatu kwa mashimo ya kahawa. Karatasi moja ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji, kwenye duka la pembejeo na kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Redio za mikoa zinazosoma utabiri wa masika kila mwaka zisome pia, mwanzoni mwa Julai, tangazo fupi la kuwakumbusha wafugaji kuangalia joto la ng'ombe wao asubuhi na jioni, pamoja na namba ya simu ya mtaalamu wa uhimilishaji wa eneo hilo. Muda wa dakika moja hewani unatosha.